Koba Mbele ya Watazamaji: Masokwe wa Kompyuta, Maoni ya Watu na Jina Lililokosekana

Mwezi wa Julai 2014 filamu iitwayo Dawn of the Planet of the Apes ilianza kuonyeshwa katika majumba ya sinema ya Marekani. Katika nchi zinazotumia Kifaransa ilipewa jina la La Planète des singes : L'Affrontement. Mwongozaji wake alikuwa Matt Reeves, nayo ilikuwa mwendelezo wa filamu ya mwaka 2011 iliyoongozwa na Rupert Wyatt. Siku tatu za kwanza ziliingiza huko Marekani na Kanada dola zaidi ya milioni 72, na hatimaye mapato ya dunia nzima yakapita dola milioni 700. Hesabu hizo zathibitisha ya kuwa watu wengi waliitazama. Walichokiona humo ni suala jingine, na ndilo linalostahili kuchunguzwa hapa, kwa sababu mmoja wa wahusika wake wakuu ni mnyama ambaye makao yake ya asili hayapatikani popote duniani isipokuwa katika misitu ya Kongo.

Kisa chenyewe si kirefu. Ugonjwa uliotokana na dawa ya maabara umeangamiza sehemu kubwa ya wanadamu. Masokwe waliopata akili kwa dawa hiyohiyo wanaishi msituni karibu na mji wa San Francisco chini ya sokwe Caesar. Wanadamu waliosalia wanahitaji umeme wa bwawa lililomo katika eneo la masokwe. Caesar anataka amani; Koba, bonobo aliyeteswa miaka mingi katika maabara, hataki. Koba anampiga risasi mkubwa wake, anawasingizia wanadamu, na vita vinaanza.

Desturi ya kuwatazama masokwe hawa ilikuwa imetimiza karibu nusu karne. Chanzo chake ni riwaya ya Mfaransa Pierre Boulle ya mwaka 1963, iliyogeuzwa filamu na Franklin J. Schaffner mwaka 1968, Charlton Heston akiwa mhusika mkuu. Wakati huo sokwe alikuwa mtu aliyebandikwa mpira usoni, kazi ya fundi John Chambers aliyetunukiwa Oscar ya heshima kwa ustadi huo. Waigizaji wa filamu hiyo walisimulia baadaye jambo ambalo halikuwa limeandikwa katika mchezo: ilipofika saa ya chakula, waliovaa sura za gorila walikaa na magorila wenzao, wa sokwe na wa sokwe, wa orangutani na wa orangutani, pasipo mtu yeyote kuwaamuru.

Toka mwanzo, maoni ya watazamaji hayakuishia mlangoni mwa sinema. Mfano ulio wazi ni wa filamu ya nne, Conquest of the Planet of the Apes, ya mwaka 1972. Humo masokwe ni watumwa wa wanadamu, na maasi yao yalipigwa picha kwa namna iliyowakumbusha Wamarekani ghasia za Watts za mwaka 1965. Filamu ilipoonyeshwa kwa majaribio, watazamaji walitishwa na ukatili wa mwisho wake, ambapo mtawala aliyeshindwa anauawa na masokwe. Watengenezaji wakarudi kazini, wakamrekodi upya mwigizaji Roddy McDowall akitamka maneno ya huruma, wakaibandika sauti hiyo juu ya picha ya macho ya sokwe. Mtawala akapona. Mwisho wa kwanza haukuuzwa kwa umma hadi mwaka 2008. Kwa hiyo yule Caesar mpole anayesifiwa leo, kwa kiasi fulani, ni zao la woga wa watazamaji wa 1972, na jambo hili halifai kusahauliwa anapozungumziwa mrithi wake wa 2014.

Kufikia 2011 mpira wa usoni ulikuwa umeachwa. Mwigizaji Andy Serkis alivaa nguo ya kubana yenye alama mwilini, akafungiwa kichwani kamera ndogo iliyoelekea uso wake. Kisha mafundi wa kampuni ya Weta Digital ya Wellington, Nyuzilandi, wakazichukua nyendo zake na kuzivika mwili wa sokwe uliochorwa kwa kompyuta, unywele kwa unywele. Hakuna sokwe wa kweli aliyefungwa mnyororo ili filamu ipatikane, na vyama vya kutetea wanyama viliipongeza kwa hilo. Katika sinema hiyo ya 2011 Caesar alipotamka neno lake la kwanza, yaani kukataa, waliozijua filamu za zamani walitambua mara moja ya kwamba neno hilohilo lilitajwa katika filamu ya 1971 kuwa neno la kwanza la sokwe aliyeasi.

Hapo likazuka bishano ambalo halijamalizika hata leo: nani anasifiwa mtazamaji anapotokwa na machozi kwa ajili ya Caesar? Wengi walidai Serkis apewe Oscar kama mwigizaji mwingine yeyote, na kampuni ya filamu ilimfanyia kampeni mwaka 2011, bila mafanikio. Serkis mwenyewe, mwaka 2014, alifananisha kazi ya mafundi wa kompyuta na vipodozi vya kidijitali. Mafundi wakaudhika, maana uso wa sokwe haulingani na uso wa mtu, na kila mkunjo wa paji na kila mwendo wa mdomo ulilazimika kuamuliwa upya na mchoraji. Hoja ya mafundi ina nguvu zaidi. Mwigizaji alitoa nia na mwendo. Lakini jicho la sokwe linalomtazama mtu katika giza la sinema lilitengenezwa na watu ambao majina yao hupita mwishoni, wakati watazamaji wengi wamekwisha kusimama na kutoka. Chuo cha Oscar kiliiteua filamu hiyo kwa athari za picha tu, na hata hapo tuzo ilikwenda kwa Interstellar.

Juu ya mambo mengine watazamaji walikaribia kukubaliana. Wanadamu wa filamu hiyo walionekana wepesi wakilinganishwa na masokwe. Wanawake wa pande zote mbili walipewa machache ya kutenda: mke wa Caesar yuko karibu wakati wote mgonjwa, na mganga wa wanadamu yupo hasa ili amtibu. Lawama hizo ni za haki, wala hazihitaji maelezo marefu.

Mjadala wenye uzito ulimhusu Koba. Jina lake ni lile alilolitumia Stalin ujanani, na wahakiki hawakuchelewa kulitambua. Aliyelijua alikwisha kuonywa kabla ya risasi ya kwanza. Hata hivyo kuna picha moja iliyowafanya watazamaji wengi wasimame upande wake. Caesar anataka wanadamu waachwe wafanye kazi yao bwawani. Koba anaonyesha kovu la tumboni, kisha la usoni, kisha jicho lake lililopofuka, na kila mara anasema kwamba hiyo nayo ni kazi ya wanadamu. Hakuna hoja ya Caesar inayoweza kulijibu kovu. Baadaye Koba anawakuta walinzi wawili wa silaha, anajifanya kikaragosi wa sarakasi, anachezacheza na kunywa pombe yao hadi wanacheka. Kisha anaichukua bunduki na kuwaua. Watazamaji waliocheka pamoja na walinzi walijikuta wamekamatwa katika kicheko chao.

Kwa sababu hiyo wengine walisikitika kwamba, baada ya matukio hayo, filamu inamgeuza kuwa dhalimu wa kawaida, anayefunga wenzake na kumrusha kijana wa kisokwe kutoka juu hadi chini kwa kuwa amekataa kuua. Sikitiko hilo lina msingi. Aliyeteswa ana haki ya kusikilizwa hadi mwisho, hata kama hukumu itabaki ileile. Huko Marekani jambo hilo halikuwa la kubuni tu. Mwezi wa Juni 2013 taasisi za taifa za utafiti wa afya zilikuwa zimetangaza ya kuwa sokwe wao wengi wataondolewa katika majaribio, na mwaka 2015 zikakomesha utaratibu wenyewe. Mtazamaji wa 2014 aliyeyaona makovu ya Koba aliyaona wakati nchi yake ilikuwa ingali inauliza nini kifanyike na wanyama waliozeekea katika vizimba vya maabara.

Lakini ni sokwe gani huyu? Hapo msomaji wa Kongo ana la kusema. Bonobo alitofautishwa na sokwe wa kawaida mwaka 1929 na Mjerumani Ernst Schwarz, aliyelichunguza fuvu lililohifadhiwa katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji. Mwaka 1933 Mmarekani Harold Coolidge akamtambua kuwa spishi ya peke yake. Anaishi kusini ya mto Kongo tu, wakati sokwe wa kawaida yuko ng'ambo ya pili. Sifa zake zilizoenea kupitia maandishi ya wataalamu kama Frans de Waal ni upole, mapatano baada ya ugomvi, na ukubwa wa madaraka ya majike. Kati ya masokwe wote, yeye ndiye aliyechaguliwa kuwa mchinjaji. Watazamaji wenye kuwajua wanyama walilipinga jambo hili, wengine kwa hasira, wengine kwa kejeli. Huweza kujibiwa kwamba maabara humharibu hata mpole, na kwamba ndiyo maana hasa ya Koba. Jibu hilo lingetosha kama filamu ingelisema. Haikulisema popote, na mtazamaji asiyejua kitu aliondoka akidhani bonobo ni aina mbaya ya sokwe.

Ugonjwa nao uligusa pengine ambapo watengenezaji hawakukusudia. Filamu ilipotoka, Ebola ilikuwa inaua Guinea, Liberia na Sierra Leone. Mwezi wa Agosti mwaka uleule mlipuko mwingine, usiohusiana na huo, ulitangazwa karibu na Boende katika Kongo, nchi ambako ugonjwa huo uliandikwa mara ya kwanza mwaka 1976, huko Yambuku, na kupewa jina la mto. Ndani ya filamu mtu mmoja anawachukia masokwe kwa kudhani ndio walioleta maradhi, naye anakumbushwa kwamba yalitoka katika maabara ya wanadamu. Sentensi hiyo ndogo ina thamani kwa nchi ambayo jina la mto wake limekuwa jina la hofu.

Kuna historia nyingine ambayo mtazamaji Mwafrika hawezi kuiacha nje ya mlango. Mwezi wa Septemba 1906, katika bustani ya wanyama ya Bronx mjini New York, Ota Benga, mtu kutoka Kongo, aliwekwa katika nyumba ya nyani pamoja na orangutani, na maelfu ya watu wakaja kumtazama. Wachungaji weusi, miongoni mwao James H. Gordon, walipinga, na maonyesho yakakoma. Ota Benga alijiua mwaka 1916 huko Lynchburg, Virginia. Chama chenye bustani hiyo kiliomba radhi hadharani mwaka 2020. Eric Greene, katika kitabu chake cha 1996 juu ya filamu hizi, alionyesha kwa kirefu jinsi masokwe wa sinema walivyobeba mambo ya rangi ya Wamarekani. Basi baadhi ya watazamaji weusi walipopata taabu kuifurahia filamu ambamo watumwa walioasi wamevikwa manyoya, taabu hiyo haikutoka katika kukosa kuuelewa mchezo. Waliuelewa kupita wengine.

Mwisho ni suala la jina. Kifaransa kina neno moja, singe, kwa tumbili na kwa sokwe, na Wakongo wengi walioiona filamu kwa Kifaransa walilisikia hilo. Kiingereza hutenga makundi hayo mawili. Kiswahili kina nyani, kima, tumbili, mbega, tena sokwe na gorila, lakini hakina jina la jumla la kuwakusanya Caesar, Koba na orangutani mzee Maurice. Anayesema "sayari ya nyani" amewaingiza wasiokuwemo. Anayesema "sayari ya masokwe" amelipanua neno la mnyama mmoja. Njia hii ya pili ni bora, nayo ndiyo iliyofuatwa katika makala haya. Neno hilo lina asili ndefu katika mashariki ya Kongo. Livingstone, alipokuwa Bambarre katika nchi ya Wamanyema mwaka 1870 na 1871, aliandika habari za mnyama aitwaye "soko", ambaye yeye alimdhania kuwa gorila. Aliandika pia kwamba wenyeji waliamini wafu waliozikwa hufufuka wakiwa masoko, na kwamba alizawadiwa mtoto jike wa mnyama huyo, ambaye mama yake alikuwa ameuawa: alinyoosha mkono ili abebwe, na akikataliwa alikunja uso kama mtu anayelia kwa uchungu.

Tena kuna upatanisho wa kisarufi. Mtazamaji wa Kiingereza alipoandika juu ya Koba alipaswa kuchagua kiwakilishi cha mtu au cha kitu, na wengi walichagua cha mtu bila kutambua kwamba wamechagua. Kiswahili hakimpi msemaji nafasi hiyo ya kusita. Sokwe analia, mtu analia. Masokwe wanakimbia, watu wanakimbia.

Mwaka 2024 ilitoka filamu ya nne ya mfululizo huu mpya, Kingdom of the Planet of the Apes, ya Wes Ball. Humo mfalme aliyelitwaa jina la Caesar ili awatumikishe wengine anaitwa Proximus, na watengenezaji wamemfanya, kwa mara nyingine, bonobo.