Jina na Idadi katika Historia ya Maradhi: Chikungunya Kisiwani Lamu, 2004

Historia ya maradhi ya kuambukiza katika mwambao wa Afrika ya Mashariki ina mashahidi wawili: idadi ya wagonjwa iliyoandikwa na wakuu wa afya, na majina ambayo wenyeji waliyapa maradhi yenyewe. Kwa kawaida huaminiwa shahidi wa kwanza. Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha, kwa mfano wa Lamu, kwamba shahidi huyo aweza kupungukiwa sana, na kwamba wa pili hafai kudharauliwa.

Katikati ya mwaka 2004 homa kali ilizuka kisiwani Lamu. Wagonjwa waliumwa viungo hata wengine wakashindwa kusimama wima. Hadi mwisho wa Julai walikuwa wameripotiwa wagonjwa wapatao 1,300, katika kisiwa chenye wakazi 18,000 hivi. Mwezi wa Oktoba ilipimwa damu ya watu 288. Kati yao 215, yaani asilimia 75, walikutwa na kingamwili za virusi vya chikungunya. Kutokana na kipimo hicho ilikadiriwa kwamba walioambukizwa walikuwa kama 13,500. Ni kweli kwamba hesabu ya Julai ilifungwa kabla maradhi hayajaisha, na kwamba si kila aliyeambukizwa aliugua. Hata hivyo, pengo la mara kumi ni kubwa mno kuelezwa kwa sababu hizo peke yake. Wengi waliugulia majumbani bila ya kuandikwa popote.

Maradhi hayo yalizuka wakati wa ukame. Maji yalipoadimika, watu waliyaweka kwa muda mrefu katika mitungi, mapipa na mabirika. Na humo ndimo azaliwamo mbu aina ya Aedes aegypti, ambaye huuma mchana, wakati chandarua kimekunjwa. Mwaka 2020, Uviko-19 ulipoingia Kenya, kinga iliyohimizwa ilikuwa barakoa, neno la kale la kifunika uso cha wanawake wa mwambao, lililopewa kazi mpya. Mwaka 2004 kinga iliyohitajika ilikuwa kifuniko cha mtungi.

Tuje kwenye majina. Chikungunya mara nyingine imeandikwa kuwa ni neno la Kiswahili, ilhali ni la Kimakonde, lenye maana ya kujikunja. Lilichukuliwa na wataalamu baada ya mlipuko wa 1952–53 katika nchi ya Newala, kusini mwa Tanganyika. Lakini Waswahili nao walikuwa na jina lao. James Christie, tabibu aliyefanya kazi Unguja, aliandika kwamba homa iliyoenea huko mwaka 1870 iliitwa na wenyeji kidinga pepo, na kwamba wazee waliikumbuka kutoka mwaka 1823 hivi. Baadhi ya wataalamu hudhani kwamba neno dengue limetokana na jina hilo. Mwaka 1971 D. E. Carey alitoa hoja kwamba dalili alizozieleza Christie, hasa maumivu ya viungo yasiyokwisha upesi, zinafanana zaidi na za chikungunya. Hoja hiyo ikikubaliwa, basi jina la Kiswahili limechukuliwa na maradhi mengine, nayo maradhi yenyewe yakarudi Lamu yakiitwa kwa Kimakonde.

Jambo hili si la udadisi wa maneno tu. Baada ya Lamu na Mombasa, maradhi yalifika Komoro na Réunion mwaka 2005; Réunion peke yake waliugua watu zaidi ya 200,000, na mwaka 2006 yakaenea Bara Hindi. Kisiwa ambacho wengi wa wagonjwa wake hawakuhesabiwa ndicho kilichotangulia katika msiba wa bahari nzima. Kwa hiyo kazi ya kukusanya majina ya maradhi, pamoja na dalili ambazo kila jina hubeba, isiachiwe matabibu peke yao. Mzee anayeeleza kwa nini homa fulani iliitwa jina fulani atoa ushahidi ambao daftari la hospitali halina. Na ushahidi huo usipoandikwa angali hai, hautapatikana tena.