Kisanduku cha Thelathini

Babu mzaa baba alituachia sanduku la bati. Ndani mlikuwa na kisu cha kukatia mkonge kilichoisha makali, rozari ya mti, na kikadi cha karatasi ngumu chenye visanduku thelathini. Ishirini na tisa vimetiwa alama kwa wino uliofifia. Cha thelathini kiko wazi.

Kikadi hicho ndicho kipande. Wasomaji wa Kenya wasikichanganye na kile cha kwao, kitambulisho kilichowekwa ndani ya kikopo cha chuma na kuning'inizwa shingoni. Kipande cha Tanganyika kilikuwa daftari la kazi la mtu mmoja. Kila siku aliyomaliza kazi yake, alama iliwekwa. Alama thelathini zikitimia, analipwa. Alipewa siku 42 za kuzitimiza. Babu alishikwa na homa kadi yake ikiwa imebakiza siku moja, zile 42 zikampita akiwa amelala kambini. Baba husimulia kwamba kwa siku zile 29 hakuambulia hata senti.

Babu hakuwa Mtanganyika. Alivuka kutoka Urundi, iliyokuwa chini ya Wabelgiji, na mfupa wake umelala Muheza. Mwaka jana niliamua kuifuata njia yake kinyumenyume, kutoka alikozikwa hadi alikotokea, nikiwa na swali moja: mtu aliyetoka kwao kuja nchi ya watu kumfanyia kazi mwenye shamba, alikuwa akidai nini zaidi ya mshahara?

Safari ya mkonge wenyewe ilianza 1893, Dk. Richard Hindorf alipoagiza miche elfu moja kutoka Florida. Iliyofika hai ilikuwa 62, ikapandwa Kikogwe, Pangani. Kutokana na hiyo mkonge ukatapakaa pande zote za reli ya Tanga. Kilichokosekana ni watu. Wabondei, Wasambaa na Wadigo walikuwa na mashamba yao. Hawakuona sababu ya kwenda kuchomwa miiba kwa mshahara mdogo. Basi wenye mashamba wakatazama mbali: Waha wa Kigoma, Wabena wa kusini, na ng'ambo ya mipaka, Wamakonde na Wamakua wa Msumbiji, Wanyarwanda na Warundi. Kila aliyeandikwa alipewa namba, na wote wakaitwa manamba. Jina hilo bado linauma Tanga. Nimeliona likimtoa mzee machozi.

Mwaka 1923 serikali ya Kiingereza ilitunga sheria ya mabwana na watumishi wa Kiafrika. Manamba aliyechukuliwa mbali alitia dole gumba kwenye mkataba mbele ya ofisa wa serikali, na mwajiri akabeba wajibu wake: posho, mahali pa kulala, matibabu, na nauli ya kumrudisha kwao mkataba ukiisha. Kwa wakati ule halikuwa jambo dogo. Lakini hesabu iliyojificha chini yake ilikuwa ya kikatili. Mwajiri alidaiwa mwili wa mtu kwa muda wa mkataba tu, na nauli mwishoni. Uzee wa mtu yule, na kifua alichokiharibu, vilikuwa deni la kijiji chake. Mke aliyebaki Urundi akilima mihogo ndiye aliyekuwa mfuko wa pensheni wa mashamba ya Tanga, na hakuna aliyemchangia.

Korogwe nililala siku mbili. Hapa ndipo SILABU, ofisi ya kuandika vibarua iliyoundwa na wenye mashamba ya mkonge mwaka 1944, ilipokuwa na kambi ya kupokelea watu kabla ya kuwagawa mashambani. Reli ya Kati na ile ya Tanga hazikuungana hadi 1963, kwa hiyo mtu wa Kigoma alishuka njiani akamaliziwa kwa lori. Babu alikuwa akisema kwamba ndani ya lori lile alisikia Kiswahili kwa mara ya kwanza kwa wingi, na maneno ya kwanza kuyashika yalikuwa nyapara, posho na korona.

Korona ni mashine ya kuponda na kukwangua majani ya mkonge hadi zibaki nyuzi. Ilikula majani na ilikula mikono. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Tanganyika ilipata sheria ya fidia kwa wafanyakazi, yenye jedwali la viungo: kidole, mkono, jicho, kila kimoja na asilimia yake. Ulimwenguni tayari palikuwa na mkataba wa Shirika la Kazi la Kimataifa wa 1925, unaotaka mgeni aliyeumia kazini alipwe fidia sawa na mwenyeji, hata kama yeye au wategemezi wake wanaishi nchi nyingine. Kanuni nzuri sana. Ila fidia huanzia kwenye taarifa, na taarifa huandikwa na mwajiri. Mjane wa Rutana au Bururi, asiyejua hata jina la shamba, angemtumia nani barua?

Kuna jambo moja nililolisoma nikiwa Morogoro, njiani kuelekea magharibi, likanikosesha usingizi. Mwaka 1956 Wabelgiji walianzisha pensheni kwa wafanyakazi wa Kongo na Ruanda-Urundi. Yaani kijana wa kijijini kwa babu aliyekwenda kufanya kazi ya ajira Bujumbura, au akavuka ziwa kwenda Kongo, alianza kuwekewa akiba ya uzee. Mwenzake aliyefuata njia ya mashariki kwenda kwenye mkonge hakuwekewa kitu. Ndugu wawili wa nyumba moja, na kilichowatenganisha ni upande waliouelekea walipotoka mlangoni.

Tanganyika huru ilikuja na jibu lake mwaka 1964: Mfuko wa Akiba ya Wafanyakazi, ambao wazee wengi bado wanauita NPF. Mwajiri achange, mfanyakazi achange, jina liandikwe. Babu alikuwa bado shambani. Kwa mara ya kwanza namba aliyopewa ilikuwa namba yenye fedha nyuma yake, na baba anakumbuka alivyoishona ile kadi ndani ya mfuko wa koti. Bei ya mkonge ilianguka miaka hiyohiyo kwa sababu ya nyuzi za viwandani, kazi zikapungua, babu akaachishwa. Akiba yake alipewa yote kwa mkupuo. Ilinunua mabati ya nyumba ambayo baba anaishi hadi leo. Baada ya hapo, hakuna.

Mwaka 1997 sheria ikaugeuza mfuko ule kuwa NSSF, wenye pensheni ya kila mwezi. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na makato ya mfanyakazi hayapaswi kuzidi nusu yake. Fidia nayo ilifumuliwa. Sheria ya kikoloni ilidumu hadi karne hii huku kiwango chake cha juu kikiwa kimeliwa na mfumuko wa bei hadi kikabaki laki moja na ushei. Sheria mpya ya 2008 ikaleta mfuko wa fidia, WCF, ulioanza kazi 2015 na kuchangiwa na mwajiri peke yake.

Lakini pensheni ya NSSF inahitaji miezi 180 ya michango, miaka 15. Kibali cha kazi cha mgeni ni cha miaka michache. Tunamkata mtu fedha za pensheni ambayo kibali chetu wenyewe hakimruhusu kuifikia, kisha akiondoka tunampa mkupuo, kama babu. Kenya na Uganda nazo zina malipo ya namna hiyo kwa anayehama moja kwa moja. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, inampa mfanyakazi wa nchi mwanachama haki ya hifadhi ya jamii kama mwenyeji, na ikaliachia Baraza la Mawaziri kuweka kanuni. Ninachokitaka ni rahisi kukisema: miaka mitano ya Tanga, mitano ya Bujumbura na mitano ya Nairobi ihesabiwe kuwa 15. Ulaya imekuwa ikijumlisha hivyo kwa wafanyakazi wake wahamiaji tangu mwishoni mwa miaka ya 1950.

Nilifika Manyovu asubuhi ya ukungu. Barabara inapanda, kisha ni Burundi. Vijana walikuwa wanashuka na majembe begani kuja kupalilia mashamba ya watu upande wa Kigoma, kama baba zao, kama babu. Mmoja alikubali tuongee. Nilimwuliza analipwaje, akasema kwa mwezi, kazi ikiisha. Nikamwuliza siku zinahesabiwaje. Alitoa mfukoni daftari la shule lililokunjwa mara mbili na kunionyesha ukurasa wenye vijistari vya kalamu ya risasi. Nilivihesabu: ishirini na sita.

"Na tajiri naye anaandika?" nikauliza.

"Hapana, mzee. Ni hili tu."

Alilikunja tena, akalirudisha mfukoni, akawakimbilia wenzake waliokuwa wameshatangulia.