Ndume, Debe la Mpunga na Daftari la Michango

Shule nyingi za vijiji vya wafugaji kando ya Mto Tana zilianza kwa ng'ombe. Nasema haya nikiwa Mpokomo, mtoto wa wakulima wa upande wa Ngao, niliyefundisha sehemu kubwa ya maisha yangu katika vijiji vya Waorma karibu na Garsen na kushika daftari la michango kila shule niliyopelekwa. Ndume mmoja akiuzwa mnadani, zilipatikana bati kadhaa na mifuko ya saruji. Wakiuzwa kumi, darasa lilisimama. Serikali ilikuja baadaye, na mara nyingi ilikuta ukuta umeshafika kimo cha dirisha.

Lakini kuchangiana hakukuletwa na shule. Cha kwanza watu wa bonde hili walichopeana ni njia. Mashamba ya Wapokomo yamejipanga ukingoni, pale mto unapofurika na kuacha udongo mweusi. Kiangazi kikikaza, mifugo ya Waorma hutoka nyika kavu kutafuta maji, nayo haina pa kupita ila katikati ya mashamba hayo. Ndiyo maana paliachwa mapito yaitwayo malka. Wazee wetu wa gasa, yaani baraza la wazee wa Kipokomo, waliketi na wazee wa Waorma, wakakubaliana ng'ombe washuke wapi na waondoke lini. Mkulima alipata samadi, maziwa na samli. Mfugaji alipata mahindi, ndizi na mpunga. Na kwa Waorma wenyewe, aliyefiliwa na mifugo kwa ukame aliazimwa ng'ombe wa maziwa na jamaa zake. Maziwa yalikuwa ya watoto wake, ndama walibaki wa mwenye ng'ombe, na aliyeazimwa aliendelea kuhesabiwa mfugaji miongoni mwa wafugaji.

Dini ziliukuta utaratibu huo na kuupa vipimo. Uislamu ulienea kwa Waorma katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, na zaka ya mifugo ikaingia vizuri katika maisha yao: mwenye ng'ombe 30 hutoa ndama mmoja wa mwaka, mwenye mbuzi 40 hutoa mbuzi mmoja. Mkulima ambaye shamba lake limenyweshwa na mvua au mafuriko hutoa sehemu moja ya kumi ya mavuno. Aliyenywesha kwa jasho na gharama hutoa nusu ya hiyo. Wapokomo wa juu ya mto wengi ni Waislamu na hesabu hiyo wanaijua. Sisi wa chini tulipata Ukristo kwa Wamethodisti wa Golbanti, ambako wamishonari John na Annie Houghton waliuawa mwaka 1886 na kuzikwa papo hapo, na kwa Wajerumani wa Neukirchen waliofungua misheni ya Ngao mwaka 1887. Huko nilikulia katika ibada za mavuno. Mkungu wa ndizi uliletwa madhabahuni, ukanadiwa nje baada ya ibada. Aliyeununua akaurudisha, ukanadiwa tena. Mkungu mmoja ulikuwa unauzwa hata mara tatu kabla haujafika jikoni kwa mtu. Mama yangu alikuwa akipika kuku wake mwenyewe, aliyemtoa asubuhi na kumkomboa adhuhuri, na alifurahi kuliko siku za Krismasi.

Mwaka 1963 Jomo Kenyatta alipoifanya harambee kuwa wito wa taifa, watu wa Tana hawakuhitaji kuelezwa sana. (Mwaka huohuo bonde letu lilitoa mchango mwingine ambao Mkenya yeyote anaujua kwa masikio: wimbo wa taifa ulitungwa kwa sauti ya wimbo wa Kipokomo wa kubembelezea mtoto.) Maelewano yalikuwa kwamba wananchi watajenga na serikali italeta mwalimu. Mwaka 1974 karo ilipofutwa kwa madarasa manne ya kwanza, wanafunzi walifurika, na gharama ya kuta na madawati ikarudi palepale kwa wazazi kwa jina la ada ya ujenzi.

Siku ya kupanga mchango ndiyo ninayotaka isisahaulike. Wazee waliketi chini ya mti, mimi na daftari langu pembeni. Familia zilitajwa moja moja. Mwenye kundi kubwa aliandikiwa ndume. Wa kati alipangiwa mbuzi wawili au watatu. Asiye na kitu alipangiwa siku za kazi: kuchota mchanga mtoni, kubeba maji ya kukandia, kupokea boriti za mikoko zilizotoka upande wa Kipini. Mjane mwenye watoto wadogo alirukwa, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Mtu hakuweza kusingizia umaskini, maana mifugo yote hunywa maji pamoja na kila mchungaji anaijua hesabu ya kundi la jirani yake. Niliwahi kumsikia mzee akilalamika kwamba amepangiwa kingi. Kijana mmoja alitaja kwa utaratibu ng'ombe wake aliowaona mtoni juma lile, rangi na pembe, mpaka mzee akanyanyua mkono: "Andika, mwalimu."

Kwetu kwa wakulima kipimo kilikuwa debe. Debe la mpunga, debe la mahindi, na mwembe ukizaa sana, magunia ya maembe yaliyopakiwa kwenda Malindi. Kipimo hicho kilianza kuyumba tangu mabwawa ya juu ya mto, hasa Masinga lililokamilika mwaka 1981, yalipobadilisha mafuriko yaliyolisha mashamba yetu. Mpunga ulipopungua shambani, ulipungua daftarini pia.

Mtafiti Mmarekani Jean Ensminger, aliyeishi na Waorma kwa vipindi virefu tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, alifanya nao jaribio ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2001. Watu walipewa pesa, kila mmoja akaamua kwa siri aweke kiasi gani katika fungu la pamoja. Fungu lile lingeongezwa na kugawanywa sawa kwa wote, hata kwa asiyeweka kitu. Kati ya wanafunzi wa vyuo vikuu wanaochezeshwa mchezo huo ng'ambo, wako wasioweka hata senti. Waorma waliutazama, wakaupa jina papo hapo: mchezo wa harambee. Kwa wastani waliweka asilimia 58 ya walichopewa, na baadhi yao waliweka chote. Mimi sikushangaa. Walikuwa wamefanya zoezi lile kwa ndume halisi miaka yote.

Kilichotuvunja ni mgeni wa heshima. Katika miaka ya 1980 na 1990 harambee ziligeuka kuwa siku za wakubwa. Turubai lilipigwa, vipaza sauti vikafungwa, mwanasiasa akaja na bunda la noti na orodha ya marafiki waliomtuma. Mzee aliyetoa ndume alitajwa mwishoni, watu wakiwa wameanza kutawanyika, au hakutajwa kabisa. Nakumbuka harambee moja ambayo ahadi iliyopigiwa makofi zaidi haikulipwa hadi leo, na ile ya wachungaji ililipwa kabla jua halijatua. Mtu akishaonyeshwa mara mbili kwamba mbuzi wake ni mdogo mno kutajwa, mara ya tatu anakuja kutazama tu.

Mwaka 2003 sheria ya maadili ya maofisa wa umma iliwawekea mipaka wakubwa katika kuchangisha, na mwaka huohuo ukaundwa mfuko wa maendeleo ya maeneo bunge. Madarasa yalijengwa kwa haraka tusiyoijua zamani, nami nayashukuru. Ila mfuko huo haumlipi mlinzi wa usiku, wala mpishi wa uji, wala kijana aliyemaliza kidato cha nne anayeshika darasa la pili kwa sababu serikali haijaleta mwalimu. Hao wamelipwa na wazazi siku zote, na bado wanalipwa na wazazi.

Agosti 2012 yalizuka mapigano kati ya Wapokomo na Waorma. Kijijini Riketa peke yake waliuawa watu zaidi ya 50 kwa siku moja. Malka zilizozibwa, malisho na siasa, vyote vilichangia. Nilikuwa na wanafunzi wa pande zote mbili, na siwezi kuliandika hili kwa urefu. Nitasema tu kwamba baadaye, kikao cha kwanza nilichoona Mpokomo na Muorma wakiketi benchi moja katika eneo letu kilikuwa cha kamati ya shule, na ajenda ilikuwa choo. Kila upande ulipangiwa sehemu yake kwa kipimo kilekile cha zamani, na kila upande ulilipa.

Siku hizi mchango huingia kwa M-Pesa. Watoto wetu walioko Mombasa, Nairobi na Ghuba hutuma, na katika kundi la WhatsApp kila anayetoa hunakili orodha, huongeza jina lake na kiasi, kisha huirusha tena. Wakati wa mafuriko ya mwishoni mwa 2023 na yale ya Aprili 2024, orodha hizo zilinunua unga na maturubai kwa waliohamia miinuko. Majina yanasomwa na wote, na mwenye shilingi 50 ana mstari wake sawa na mwenye 5,000.

Lakini orodha ya simu haikuwa na mahali pa mtu asiye na pesa. Bibi mmoja alinijia na mikungu miwili ya ndizi akauliza aitume kwa namba gani. Nililipeleka swali lake kwenye kamati, na sasa orodha yetu ina safu tatu: pesa, mali, kazi. Ndizi zake zimeandikwa safu ya pili. Kijana aliyechimba msingi wa tangi la maji siku nne yumo safu ya tatu, jina kamili, juu kidogo ya mfanyabiashara mmoja wa Garsen aliyechelewa kutuma.