Reli ya Madina Iliyojengwa kwa Mchango



Msimu wa harusi ukianza simu zetu hazitulii: grupu la mchango wa bibi harusi huyu, grupu la yule. Mwaka jana nilichangia mahali, pesa tukazituma kwa mtu mmoja, na mpaka leo hatujaambiwa zilifika ngapi. Sikumdhania mtu ubaya, lakini grupu lililofuata mkono wangu ulikuwa mzito. Ndipo nikaikumbuka reli ya Hijaz.

Mwaka 1900 Sultan Abdulhamid wa Pili wa dola ya Uthmania alitangaza kujenga reli kutoka Damascus mpaka Madina, kisha Makka. Mahujaji wa njia ile walikuwa wakikaa siku 40 hivi na msafara wa ngamia, kwa kiu, maradhi na hofu ya kuporwa. Pesa lakini hakuna. Dola ilizama kwenye madeni ya Ulaya, na tangu 1881 sehemu ya mapato yake ilikuwa mikononi mwa wawakilishi wa wadai. Kukopa tena, na safari hii kwa njia ya Hija? Hakutaka. Akawaendea Waislamu wenyewe.

Angalieni alivyoanza. Alitoa kwanza yeye, lira 50,000 kutoka mfukoni mwake. Asiyeweka chake sahanini atamwombaje mwenziwe? Kisha magazeti ya Misri na India yakabeba habari, yakachapisha majina ya waliotoa. Kulikuwa na nishani za nikeli, fedha na dhahabu, kwa kadiri ya mtu alivyochangia. Waingereza walifika kuwakataza Waislamu wa India kuzivaa, ujue zilikuwa na uzito gani! Hata ngozi za wanyama waliochinjwa Idi ya Hija zilikusanywa zikauzwa kwa ajili ya reli. Mie hapo ndipo napapenda zaidi, maana asiye na lira alikuwa na ngozi ya mbuzi wake.

Si wote walioamini. Ulaya walicheka, na wako Waislamu waliouliza kama pesa zinafika kweli. Kilichowajibu ni chuma chenyewe kuonekana ardhini: Amman mwaka 1903, Maan 1904, Tabuk 1906.

Lakini tusipambe kupita kiasi. Michango ya hiari ilifikia kama thuluthi moja tu ya gharama. Wafanyakazi wa serikali walikatwa mishahara, wapende wasipende, na hayo mimi siyaiti mchango, ni makato.

Septemba 1908 reli ilifunguliwa rasmi Madina, kilomita 1,300 hivi kutoka Damascus. Siku 40 zikawa siku tatu au nne. Makka haikufika kamwe, na Vita vya Kwanza vya Dunia vikaibomoa sehemu kubwa. Stesheni ya Madina ingalipo, sasa ni makumbusho.

Mwezi ujao namuoza binti ya dada yangu, na safari hii anayeshika pesa ni mimi. Nimeshaweka changu mwanzo wa orodha, na kila Ijumaa baada ya Alasiri naandika kwenye grupu: fulani katoa kiasi gani, mpishi kalipwa ngapi, kilichobaki ni hiki. Somo yake bi harusi ananiambia najisumbua. Wiki iliyopita wawili waliokuwa kimya wametuma.