Kanga, Ngoma na Riwaya za Mkobani

Historia tuliyosomeshwa darasani ilikuwa ya wakubwa: sultani fulani, gavana fulani, mkataba wa mwaka fulani. Mwuza samaki hakuwemo. Mcheza ngoma hakuwemo. Ungedhani mababu zetu walikaa pembeni tu wakingoja wakubwa watie saini.

Wapo wataalamu waliogeuza kibao. Kwa miaka thelathini hivi wamekuwa wakiandika vitabu ambavyo mhusika mkuu ni mtu wa kawaida. Nataka tuvizungumze hapa kwa sababu vinatugusa sisi tunaoshika kalamu.

Tuanze na Unguja. Mwaka 1897 ilitolewa amri ya kufuta utumwa, na vitabu vya shule hufunga mlango hapo. Laura Fair, katika Pastimes and Politics (2001), anaufungua: je, aliyeachwa huru alifanya nini na uhuru wake? Jambo moja alilofanya ni kubadilisha nguo. Mtumwa alijulikana kwa kaniki na merikani. Mwanamke aliyekuwa huru sasa alitaka kanga, tena yenye rangi. Kanga ikawa tangazo la kimya: mimi si mali ya mtu. Mwaka 1928 wakazi wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya viwanja walivyojengea nyumba zao. Mwaka huo huo Siti binti Saad, mtoto wa Fumba aliyewahi kuuza vyungu, alikwenda Bombay kurekodi santuri kwa Kiswahili. Nguo, kodi, nyimbo: Fair anaiona siasa humo humo.

Vuka bahari uje Dar. Susan Geiger, mwandishi wa TANU Women (1997), aliketi na akina mama akawasikiliza. Tulizoea kuambiwa kwamba uhuru uliletwa na wasomi. Kumbe Bibi Titi Mohamed, aliyejiunga na TANU mwaka 1955, alikuwa mwimbaji wa ngoma, na wanawake aliwafuata kwenye vikundi vyao vya ngoma. Vikundi hivyo vilikuwa na viongozi wake na wanachama mtaa kwa mtaa. Chama kilikuta njia imeshachongwa.

Lakini kilichonikuna zaidi ni Street Archives and City Life cha Emily Callaci (2017). Hii ni Dar ya Ujamaa. Serikali inasifu kijiji, vijana wanamiminika mjini. Ikaja Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983, kijana asiye na kazi akawa mtu wa kukamatwa na kurudishwa shamba. Basi vijana wa mji huo huo waliandika riwaya nyembamba za mapenzi na upelelezi, wakazichapa wenyewe kwa shida, wakaziuza mitaani. Ofisi hawakuwa nayo. Ofisi yao mkoba. Wapo waliozibeza riwaya hizo. Leo profesa anazipekua ukurasa kwa ukurasa apate kujua kijana wa mjini alitamani nini, aliogopa nini na pesa aliisaka vipi.

Hapo ndipo nina dukuduku. Vitabu vyote hivi vimeandikwa kwa Kiingereza na kuchapwa Marekani. Bibi alisimulia mambo yake kwa Kiswahili, yakaandikwa kwanza kwa lugha nyingine. Siwalaumu waandishi: walikuja, wakauliza, wakaandika. Hata Kenda Mutongi, mzaliwa wa Kenya, aliyeandika Matatu (2017) juu ya magari ya abiria ya Nairobi na watu wake, ametumia Kiingereza. Sasa sisi tuliolala nyumba moja na huyo bibi tunangoja nani atuulizie?

Jamani, tusingoje shahada. Kijiweni pana fundi gereji aliyeanza kazi kabla hujazaliwa. Sokoni pana mama anayekumbuka foleni za sukari na sabuni. Muulize, andika jina la mtaa na mwaka, kisha weka karatasi mahali ambapo mchwa hawafiki. Na wewe unayetunga hadithi, usidharau vitu vidogo. Ukimtia kondakta kwenye hadithi yako, tuambie na nauli ilikuwa shilingi ngapi.