Betri Iliyochoka: Kuiamsha, Kuihuisha au Kuifufua?

Kabla simu hazijaingia vijijini, betri za redio, ambazo wengi waliziita mawe, zilikuwa na tiba yake. Sauti ikianza kufifia, mawe yalitolewa, yakaanikwa juani juu ya bati, jioni yakarudishwa mahali pake, na taarifa ya habari ya saa mbili usiku ikasikika hadi mwisho. Wengine waliyang'ata kwa meno. Wazee hawakuwa wanabahatisha. Betri kavu ya zinki ikipata joto, kemikali zake huchangamka na mkondo hupita kwa wepesi zaidi. Ikipumzika, mabaki yaliyorundikana ndani hutawanyika kidogo. Hakuna kilichoongezwa humo. Kilichokuwa kimebaki ndicho kilichokamuliwa.

Siku hizi betri ni ya lithiamu, na jua lililokuwa tabibu limegeuka adui, maana joto ndilo linaloizeesha haraka kuliko karibu kitu kingine chochote. Hamu ya kuiponya, hata hivyo, haijabadilika. Mtaa wa Aggrey pale Kariakoo, au Luthuli kule Nairobi, fundi simu huulizwa kila siku kama betri fulani inaweza kufufuka. Habari za maabara nazo zikitafsiriwa huja na kichwa kilekile: wanasayansi wafufua betri. Kiingereza kina sehemu ya lawama, kwa sababu neno lake linalopendwa katika jambo hili lina maana ya kurudisha ujana, na chini ya neno hilo hutiwa mambo ambayo hayafanani hata kidogo. Kiswahili hakilazimiki kuufuata mkanganyiko huo. Kina vitenzi vya kutosha kuyatenganisha.

Lakini kwanza, kinachopotea kinaitwaje? Vitabu vingine huandika ujazo wa betri. Neno hilo lina kasoro kubwa: mwanafunzi wa fizikia amekwisha kufundishwa kwamba ujazo ni nafasi ambayo kitu kinachukua, urefu mara upana mara kimo. Betri iliyovimba hadi ikainua kioo cha simu imeongezeka ujazo huku ikiwa imepoteza karibu kila kitu cha maana. Neno nguvu nalo halifai, kwa kuwa betri inaweza kutoa mkondo mkubwa kwa dakika chache kisha ikazima. Watumiaji wenyewe walikwisha kulipata jibu bila kamati yoyote. Husema betri haitunzi chaji. Kwa hiyo kinachopotea ni uwezo wa kutunza chaji, na kwa kifupi uwezo, kile ambacho kasha la betri hukiandika kwa mAh.

Ili kujua uwezo huo unakwenda wapi, mkazi wa Dar es Salaam anaweza kusimama kwenye kivuko cha Magogoni akaitazama betri nzima. Ng'ambo moja ni kinywe, madini meusi ya tabakatabaka yanayopatikana Mahenge na Ruangwa. Ndiyo upande hasi. Ng'ambo ya pili, upande chanya, kuna oksidi au fosfeti yenye madini kama kobalti, nikeli au chuma. Maji ya katikati ni elektroliti. Ioni za lithiamu ndizo abiria wa pantoni, wanavuka kwenda na kurudi. Elektroni haziruhusiwi kupanda pantoni. Hizo hulazimika kuzunguka kwa Daraja la Nyerere kule Kurasini, na humo njiani ndimo zinamofanya kazi ya kuwasha simu. Kuchaji ni kuwavusha abiria kwenda upande wa kinywe. Kutumia simu ni kuwaachia warudi.

Kwamba kinywe kinaweza kuipokea lithiamu na kuitoa tena bila kubomoka ni jambo lililooneshwa na Rachid Yazami, mwanasayansi aliyezaliwa Fez, Moroko, akifanya utafiti Grenoble, Ufaransa, takriban mwaka 1980. Tuzo ya Nobeli ya Kemia ya mwaka 2019 iliyohusu betri hizi iliwaendea John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino. Yazami hakuwemo, ingawa mwaka 2014 alishiriki Tuzo ya Draper pamoja na Goodenough, Yoshino na Yoshio Nishi. Kinywe kimo katika betri za simu karibu zote zinazouzwa leo. Jina la Yazami linastahili kujulikana zaidi katika bara lake mwenyewe.

Katika kila mvuko, abiria wachache hawarudi. Chanzo kikubwa ni ule utando unaojengeka juu ya kinywe, ambao Emanuel Peled aliueleza na kuupa jina mwaka 1979. Wali ukigusa sufuria yenye moto huacha utandu. Elektroliti ikigusa kinywe kilichochajiwa huacha utando, na kufanana kwa maneno hayo mawili kunausaidia ubongo kulikumbuka jambo. Utando huo unahitajika, kwa maana bila huo elektroliti ingeendelea kuungua mpaka iishe. Ila umejengwa kwa lithiamu, na lithiamu iliyofungwa humo haivuki tena. Hujengeka kwa kasi katika chaji ya kwanza kabisa kiwandani, kisha huendelea kunenepa polepole miaka yote, haraka zaidi penye joto na katika betri inayokaa imejaa pomoni. Pengine lithiamu huganda kuwa metali juu ya kinywe, hasa betri ikichajiwa kwa pupa au katika baridi kali, na vipande vingine hukatika vikabaki visiwa. Pengine tena ni kingo zenyewe, yaani zile ng'ambo mbili, zinazopasuka na kumomonyoka. Betri ya gari la umeme ikibakiwa na asilimia 80 au 70 ya uwezo wake wa awali, mara nyingi huhesabiwa kuwa imestaafu kazi ya barabarani.

Sasa turudi kwa fundi. Simu iliyokaa kabatini miezi minane haiwaki, na hata ikichomekwa kwenye chaja haioneshi dalili. Voltimita inasoma sifuri. Fundi anaifungua, anaunganisha waya mbili kutoka kwenye pawasaplai, anaibusti kwa dakika chache, na taa inawaka. Mteja anaona muujiza wa kufufuka. Kilichotokea ni kwamba ndani ya betri kuna saketi ndogo ya ulinzi, ambayo hukata njia volteji ikishuka kupita kiasi, na fundi ameifungua tena. Tendo hilo jina lake ni kuamsha. Betri ilikuwa imelala, na ikiamka ina uwezo uleule iliolala nao, au pungufu.

Tahadhari ya kweli iko hapa. Seli ikiachwa muda mrefu chini ya takriban volti 2, karatasi ya shaba iliyo nyuma ya kinywe huanza kuyeyuka ndani ya elektroliti. Ikichajiwa baadaye, shaba hiyo huganda upya mahali pasipotakiwa, na inaweza kuunganisha kingo mbili kwa ndani. Hapo ndipo moto unapoanzia. Seli ya namna hiyo imekufa kwelikweli, na ndiyo hasa ambayo mtu asithubutu kuifufua. Fundi mwangalifu huitazama volteji, huigusa betri kama inapata joto, na ikiwa imevimba huikataa hata mteja akiomba.

Jambo la pili halihusu lithiamu kabisa. Simu haina kijiti cha kuchovya ndani ya betri kama mtu apimavyo mafuta kwenye tangi. Hukadiria tu kwa kuhesabu mkondo unaoingia na unaotoka, na makosa madogo ya hesabu hujumlika. Ndipo simu huonesha asilimia 20 kisha ikazima ghafla. Kuitumia hadi izime na kuichaji hadi ijae mara moja huirekebisha hesabu hiyo. Mwaka 2021 Apple ilipotoa iOS 14.5, iliweka humo utaratibu wa kuipima upya afya ya betri katika simu za iPhone 11, na baadhi ya watu wakaona namba zimebadilika bila kubadili betri. Kiswahili cha Tanzania kina neno lililo tayari: Wakala wa Vipimo huhakiki mizani za wafanyabiashara. Basi na hili liitwe kuhakiki kipimo. Mizani ikihakikiwa, gunia haliongezeki uzito. Ushauri wa kumaliza chaji yote kila siku ulitoka enzi za betri za nikeli na kadmiamu; ukifuatwa kwa lithiamu, unaichosha bure.

Tunafika penye urejeshaji wenyewe. Watengenezaji hukikata kinywe kiwe kipana kidogo kuliko upande chanya, kwa ajili ya usalama. Betri ikikaa muda mrefu imejaa, baadhi ya lithiamu hutangatanga hadi kwenye lile pindo la ziada lisilotazamana na kitu, na huko huonekana kama imepotea. Betri ikiachwa siku au majuma ikiwa na chaji kidogo, abiria hao hurejea polepole. Uwezo unaopatikana ni asilimia chache, lakini ni wa kweli. Maabara ya Yi Cui katika Chuo Kikuu cha Stanford ilionesha Desemba 2021 kwamba hata vile visiwa vya lithiamu vilivyokatika vinaweza kutambaa kama nyungunyungu, upande mmoja ukiota na mwingine ukiliwa, mpaka viguse tena upande hasi. Walichofanya ni kuitoa betri mkondo mkubwa kwa muda mfupi mara tu baada ya kuijaza, na betri yao ya majaribio ikaishi karibu asilimia 30 zaidi. Kitenzi kinachostahili hapo ni kurejesha: kilichokuwa chetu, kikapotea njia, kimerudi.

Ikiwa lithiamu imefungwa ndani ya utando, hakuna wa kurejea. Huongezwa mpya. Mwezi Februari 2025, jarida la Nature lilichapisha kazi ya Peng Huisheng, Gao Yue na wenzao wa Chuo Kikuu cha Fudan, Shanghai. Wakitumia akili unde kupekua molekuli nyingi, waliteua chumvi moja ya lithiamu inayoweza kudungwa ndani ya seli. Betri ikichajiwa, molekuli huvunjika: lithiamu inabaki, na sehemu nyingine inageuka gesi na kutolewa nje. Betri ya fosfeti ya chuma iliyopewa huduma hiyo kila ilipopungua ilikuwa bado na asilimia 96 ya uwezo wake baada ya kuchajiwa na kutumiwa mara 11,818. Mkulima analijua tendo hili. Ardhi iliyochoka hurudishiwa kile ambacho mazao yamekichukua, na hiyo ni kurutubisha. Watangazaji wanapolitumia neno hilo kwa madini ya urani, hakuna anayelishangaa. Kwa betri linakaa vizuri zaidi.

Istilahi ya mwavuli, basi, iwe ipi? Kufufua lina mvuto kwa sababu limezoeleka, kuanzia viwanda hadi mashirika ya ndege. Ila humfufua aliyekufa, na betri yenye asilimia 70 haijafa. Watu husema vizuri zaidi kwamba imechoka. Kuhuisha ni jamaa wa hai na uhai, na matumizi ya kila siku yamelipa maana tunayoihitaji: mtu huhuisha leseni au taarifa zake, kitu kilichopo kikapewa muda mwingine. Kikwazo ni nomino. Uhuishaji umekwisha kuchukuliwa na watengeneza katuni. Haidhuru: uhuishaji wa betri ni maneno matatu tu, na hayana utata.

Tofauti hizi zina fedha ndani yake. Dereva wa pikipiki ya umeme Kigali anayebadilisha betri katika vituo vya Ampersand hanunui betri; mwenye kubeba hasara ya uwezo unaopungua ni kampuni, yenye betri nyingi mahali pamoja, na kwake kurutubisha kunaweza siku moja kuwa kazi ya karakana. Kwa mwenye simu mkononi njia hiyo bado imefungwa, kwa kuwa pakiti yake imezibwa na haina mlango wa kuingiza dawa wala wa kutoa gesi. Kwa leo fundi wake ana vitenzi viwili halali, kuamsha na kuhakiki, na bei ya kila kimoja ingefaa iandikwe ukutani kwa jina lake.

Zaidi ya nusu ya kobalti ya ulimwengu huchimbwa Kongo, kuzunguka miji kama Kolwezi, ambako Kiswahili ndicho lugha ya sokoni. Kila betri yenye kobalti inayotupwa mapema huagiza chimbo jingine huko. Njia iliyozoeleka ya kurejeleza betri ni kuisaga na kuyayeyusha yaliyomo mpaka madini yatengane. Mwaka 2020 kundi la Zheng Chen, Chuo Kikuu cha California, San Diego, lilifuata njia nyingine kwa betri za fosfeti ya chuma: liliukwangua unga wa upande chanya uliochoka, likaupasha moto kiasi katika maji yenye chumvi ya lithiamu na asidi ya sitriki, ile iliyomo katika ndimu na limau, kisha likaukausha na kuuoka. Lithiamu iliingia tena katika nafasi zake, na unga uleule ukatengenezewa betri nyingine. Katika sufuria hiyo kurejeleza na kurutubisha yalikuwa tendo moja.