Vimeng'enya vya korodani: beberu mchanga hukomaa lini?

Beberu wa mbegu huuzwa ghali kuliko mbuzi wa nyama, lakini mnunuzi analipia kitu asichokiona: uwezo wa korodani kutengeneza mbegu. Cheti cha daktari wa mifugo kinachoonyeshwa mpakani ni cha magonjwa, si cha uzazi. Ukubwa wa mwili nao si ushahidi. Boer wa Afrika Kusini hujaza nyama upesi, na mgeni wa biashara hii anaweza kudhani ameshakomaa.

Ukomavu wenyewe husomeka kwenye vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha kazi za kikemia mwilini. Korodani ya mwanambuzi ina mirija myembamba isiyo na mbegu, na vimeng'enya vyake ni vile vya tishu yoyote inayokua. Mbuzi anapokaribia kubalehe, kwa kawaida kati ya miezi 4 na 6, hali hubadilika. Seli za Leydig, zilizo nje ya mirija, huongeza vimeng'enya vya kutengeneza homoni ya testosteroni. Ndani ya mirija, seli za mbegu zinapoanza kugawanyika, hujitokeza laktati dihidrojinesi C4, iliyogunduliwa mwaka 1963, ambayo huzipa mbegu nguvu ya kuogelea. Panya madume waliokosa kimeng'enya hiki katika majaribio walikuwa na mbegu dhaifu na uwezo wao wa kuzalisha ulipungua sana. Baadaye huja hialuronidesi, iliyohifadhiwa kwenye kofia ya kichwa cha mbegu. Kazi yake ni kulegeza utando unaozunguka yai.

Hakuna atakayepasua korodani mnadani, bila shaka. Lakini testosteroni huacha alama za nje: harufu kali ya beberu, na uume kuachana na ngozi inayoufunika. Kabla ya kubalehe viwili hivyo vimeshikana, na mfugaji mzoefu hukagua hilo kwa mkono. Korodani ziwe mbili, zilizoshuka, zinazolingana na zisizo na uvimbe. Beberu mwenye korodani moja tu iliyoshuka asinunuliwe kwa uzazi hata akiwa na bei nafuu, maana kasoro hiyo hurithiwa.

Jambo linalosahaulika zaidi ni muda. Mbegu moja hutengenezwa kwa siku zipatazo 48, kisha hukaa takriban wiki 2 kwenye mrija wa kukomalia. Kwa hiyo homa kali ya leo inaweza kuharibu manii ya wiki kadhaa zijazo, na madhara yakaonekana mnyama akiwa tayari kwa mnunuzi. Miezi 2 ya kumsubiri baada ya ugonjwa ni gharama ya chakula tu, ndogo kuliko msimu mzima wa majike kukosa mimba.

Anayetaka ndafu afanye kinyume: ahasi mapema, kabla vimeng'enya vya Leydig havijapanda na harufu haijaingia.